Meneja Aliyewekwa Rehani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mgeni aliyekuwa Shanghai na kutaka kurudi kwao hakuishia kukata tiketi ya meli. Kwanza aliomba polisi kibali cha kutoka nchini. Ili ombi lake lishughulikiwe, alitakiwa kutangaza gazetini kwamba yeye, fulani wa kampuni fulani, anakusudia kuondoka, na mwenye dai lolote ajitokeze. Mpishi aliyeachishwa kazi zamani, mwenye nyumba, karani wa zamani aliyenyimwa kiinua mgongo, ofisa wa kodi, kila mmoja alikuwa na nafasi ya kusema neno, na neno moja lilitosha kusimamisha safari. Juu ya hayo alihitaji mdhamini wa kubeba madai yatakayozuka baada yake. Na kama alikuwa meneja, hakuachiwa mpaka apatikane mwingine wa kukalia kiti chake. Huyo mwingine naye alihitaji kibali cha kuingia, na vibali vya kuingia vilikuwa adimu.

Watu wa benki waliielewa hali hiyo upesi kuliko wafanyabiashara wengine, kwa sababu ndiyo kazi yao ya kila siku. Benki hukopesha huku imeshika kitu cha mkopaji: hati ya nyumba, shehena iliyoko ghalani, hisa. Shanghai mambo yakapinduka. Aliyezoea kushika rehani akawa yeye ndiye rehani.

Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni kwamba serikali ya kikomunisti ya China haikuhitaji kuvunja kasiki la benki ya kigeni ili kuitawala. Ilishika mlango wa kutokea. Kwa kuushika mlango huo ilipata fedha kwanza, ikapata utii baadaye, na katika zama zetu imepata hata saini za wakubwa wa benki kwenye jambo la siasa. Na kila mara, mzigo mzito kuliko yote uliangukia watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Lakini tutakuwa hatutendi haki tukianza hadithi mwaka 1949, kana kwamba hasira za Wachina zilitoka hewani.

Hongkong and Shanghai Banking Corporation, ambayo leo tunaiita HSBC, ilifungua milango Hong Kong mwezi Machi 1865 na Shanghai mwezi uliofuata. China iliposhindwa vita na Japani mwaka 1895, ilitozwa fidia ya tael milioni 200, yaani vipimo vya Kichina vya madini ya fedha. Haikuwa nazo. Mwaka 1896, na tena mwaka 1898, HSBC na benki ya Kijerumani ya Deutsch-Asiatische ziliitafutia mkopo wa pauni milioni 16 kila mara, na kilichowekwa dhamana hasa ni ushuru wa forodha wa China yenyewe. Mwaka 1901, baada ya uasi wa Boxer kuzimwa na majeshi ya kigeni, ikaja fidia nyingine ya tael milioni 450. Ufalme ulipoanguka, makusanyo ya forodha yakawa yanapelekwa moja kwa moja kwenye benki za kigeni, HSBC ikiwa mbele ya zote. Wadai wa Ulaya walilipwa kwanza, na serikali ya China ikasubiri kitakachobaki. Nchi nzima ilikuwa imewekwa rehani, na aliyeshika hati alikuwa ameketi ukingoni mwa mto Huangpu, kwenye barabara ya Bund.

Mwaka 1923 benki hiyo ilifungua jengo jipya katika namba 12 ya Bund, lenye kuba kubwa na nguzo za marumaru. Ndani ya ukumbi wa kuingilia, ukiinua macho, unaona picha za vijiwe vya rangi zikionyesha miji minane ambako benki ilikuwa na matawi: Shanghai, Hong Kong, London, Paris, New York, Tokyo, Calcutta na Bangkok. Mlangoni waliwekwa simba wawili wa shaba. Mmoja amefumbua kinywa ananguruma, mwenzake amefumba na kutulia. Wafanyakazi waliwapa majina ya mameneja wao wawili, Stephen na Stitt. Wapita njia walikuwa wakiwapapasa makucha ili nao waambukizwe utajiri, hadi shaba ikawa inang'aa mahali pa kushikwa. Mchina aliyepita hapo hakuhitaji kusoma kitabu cha siasa ili aelewe nani ana nguvu katika mji wake.

Jeshi la Ukombozi la wakomunisti liliingia Shanghai mwishoni mwa Mei 1949. Waingereza wengi wa biashara hawakukimbia. Walikuwa wameiona serikali ya Chiang Kai-shek ikichapisha noti hadi noti zikakosa thamani, wakaamini kwamba serikali yoyote yenye nidhamu itakuwa afadhali. London nayo iliwatia moyo wabaki, na Januari 1950 Uingereza iliitambua serikali mpya ya Beijing wakati Marekani ilikataa. Benki chache za kigeni zilipewa idhini ya kushughulikia fedha za kigeni chini ya uangalizi wa benki za serikali. Kwenye karatasi, biashara iliendelea.

Mtaani mambo yalikuwa mengine. Katika kiangazi kile cha kwanza, wafanyakazi waliokuwa wakidai nyongeza au malipo ya kuachishwa kazi waliwafungia mameneja wa kigeni ofisini mwao mpaka wakubali. Majeshi ya Chiang yalikuwa yameziba bandari, kwa hiyo meli hazikuja, na bila meli benki ya biashara ya nje haina cha kufanya. Hata hivyo haikuruhusiwa kupunguza wafanyakazi bila idhini ya serikali, na idhini haikuja. Kodi ziliendelea, mishahara iliendelea. Makampuni ya Kiingereza yakaanza kuagiza fedha kutoka Hong Kong na London ili kulipa watu wasiokuwa na kazi ya kufanya katika ofisi zisizokuwa na wateja. Kila pauni iliyoingia kwa njia hiyo iliishia kwenye hazina ya fedha za kigeni ya serikali mpya, iliyokuwa na njaa kubwa ya fedha hizo. Kwa kumzuia meneja mmoja asiondoke, serikali ilihakikisha makao yake makuu hayatathubutu kuacha kulipa.

Kisha vita vya Korea. Oktoba 1950 wanajeshi wa China walivuka mpaka kupigana na Wamarekani. Desemba Marekani ilizuia mali zote za China zilizokuwa mikononi mwake, na kabla mwezi haujaisha Beijing ikajibu kwa kuziweka mali za Wamarekani chini ya udhibiti wake. Mei 1951 Umoja wa Mataifa ukapitisha vikwazo vya bidhaa za kivita. Benki za Kimarekani zikatoweka Shanghai. Waingereza wakabaki wakiwa wamesimama katikati, raia wa nchi ambayo wanajeshi wake walikuwa wakipigana na Wachina kule Korea.

Mapema mwaka 1952 ilizinduliwa Kampeni ya Maovu Matano: hongo, ukwepaji kodi, wizi wa mali ya umma, udanganyifu katika mikataba ya serikali na wizi wa siri za uchumi. Walengwa wakuu walikuwa matajiri wa Kichina. Ila namna ya kuiendesha ndiyo inayopaswa kutusimamisha hapa. Chombo kilichotumika kilikuwa mfanyakazi. Karani aliitwa kwenye mkutano akatakiwa kumshutumu mwajiri wake mbele ya wenzake. Aliyekaa kimya aliulizwa kwa nini anakaa kimya. Kasha la barua, daftari la hesabu, mazungumzo ya mezani, vyote viligeuka ushahidi. Shanghai ilishuhudia watu wengi wakijiua katika miezi ile.

Sasa mfikirie karani wa Kichina wa benki ya kigeni, mtu wa miaka 45, anayejua Kiingereza, aliyefanya kazi kaunta ileile kwa miaka 20. Meneja wake Mwingereza alikuwa na mwanadiplomasia wa nchi yake anayeandika barua kwa niaba yake, na makao makuu yanayohesabu siku zake. Karani hakuwa na yeyote kati ya hao. Ujuzi uleule uliompa mkate, yaani lugha ya kigeni na uaminifu kwa siri za wateja, ndio uliomfanya ashukiwe. Hakuwa na bandari ya kurudia kwa sababu alikuwa kwao tayari. Vitabu vingi vinavyosimulia kipindi hiki vimeandikwa kutokana na barua za mameneja, kwa hiyo tunajua mameneja walivyoteseka kwa kungoja. Mimi nasema mateso ya makarani yalikuwa makubwa zaidi, na yanastahili nafasi kubwa zaidi kuliko waliyopewa.

Mwaka huohuo wa 1952 Uingereza ilitangaza kwamba makampuni yake yanakusudia kufunga na kuondoka. Ingedhaniwa kwamba wakomunisti wangefurahi. Lakini kufunga benki kulihitaji idhini, na idhini ilihitaji makubaliano juu ya kila deni, kuanzia viinua mgongo na pensheni za wafanyakazi hadi amana za tangu kabla ya vita. Mazungumzo yalichukua miaka. Hatimaye Aprili 1955 HSBC ilikubali mpango wa kutoa chote ili isamehewe chote. Ilikabidhi mali zake kwa kampuni ya serikali iitwayo Ta Hwa, pamoja na jengo la namba 12, na kwa malipo hayo ikafutiwa madeni yake. Hakuna askari aliyevunja mlango, na hakuna sheria ya kutaifisha iliyopitishwa. Ukisoma karatasi zenyewe, utaona makubaliano baina ya pande mbili.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaanza kulinganisha na Februari 1967. Siku moja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kutaifishwa kwa benki zote binafsi. Barclays, Standard, National and Grindlays na nyinginezo zikaunganishwa kuwa National Bank of Commerce. Benki hizo zilikasirika, zikawaondoa haraka wataalamu wao wa kigeni zikidhani mambo yatakwama, na majadiliano ya fidia yakafuata. Kulikuwa na ubishi mkali juu ya kiasi, lakini serikali ilisema hadharani inachukua nini, na mameneja walipanda ndege. Wapo wanaoziweka siasa zote za kijamaa katika kapu moja. Mimi siwezi. Dar es Salaam ilichukua mali, ikawaacha watu waende. Shanghai iliwashika watu, ikangoja mali iletwe na wenyewe.

HSBC haikuondoka kabisa. Ilipanga ofisi ndogo, ikabakiza wafanyakazi wachache, ikaendelea kushughulikia hati za biashara kati ya China na dunia. Ndivyo ilivyofanya pia Chartered Bank, iliyokuwa Shanghai tangu 1858. Hii ndiyo benki ambayo mwaka 1969 iliungana na Standard Bank, ile iliyokuwa Afrika Mashariki tangu 1911, zikazaa Standard Chartered tunayoiona Nairobi. Benki nyingine mbili, Bank of East Asia ya Hong Kong na Overseas-Chinese Banking Corporation ya Singapore, nazo zilibaki. Nne tu, katika nchi kubwa kiasi kile, kwa miaka yote ya Mao. Beijing ilizihitaji kama dirisha la fedha za kigeni, kama ilivyoihitaji Hong Kong yenyewe, ambayo majeshi ya kikomunisti yangeweza kuitwaa wakati wowote lakini yaliiacha mikononi mwa Waingereza kwa sababu ilikuwa inailetea China pauni na dola.

Kubaki kulikuwa na bei. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Agosti 1967, umati uliichoma moto ofisi ya ubalozi wa Uingereza mjini Beijing. Mwandishi wa Reuters, Anthony Grey, alifungiwa nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka miwili, kuanzia Julai 1967 hadi Oktoba 1969, kulipiza kisasi cha waandishi wa Kichina waliofungwa Hong Kong. Mwaka 1968 meneja wa Chartered Bank mjini Shanghai naye alikamatwa. Yule simba anayenguruma na mwenzake waliondolewa mlangoni wakahifadhiwa makumbusho.

Baada ya hapo China ilifungua uchumi wake, benki za kigeni zikarudi kwa wingi, na kwa miaka kama 30 ilionekana kana kwamba fedha zimeishinda siasa. HSBC ilihamishia makao yake London mwaka 1993, miaka minne kabla Hong Kong haijarudishwa China. Ilijipatia mguu mmoja kila upande. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mwaka 2020 ndio uliopima mikono yake.

Ili kuelewa mwaka huo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Desemba 2012 HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 nchini Marekani kwa kupitisha fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico na kukiuka vikwazo. Haikushtakiwa mahakamani, kwa sharti kwamba ikae chini ya msimamizi aliyekubaliwa na wizara ya sheria ya Marekani na kutoa taarifa ikiombwa. Miongoni mwa taarifa zilizofika kwa waendesha mashtaka ni zile za mteja wake Huawei. Kesi dhidi ya Huawei ilijengwa juu ya kikao cha Agosti 2013 huko Hong Kong, ambapo Meng Wanzhou, ofisa mkuu wa fedha wa Huawei na binti wa mwanzilishi wake, alimweleza mtu wa HSBC juu ya uhusiano wa kampuni hiyo na biashara ya Iran. Desemba 1, 2018, Meng alikamatwa uwanja wa ndege wa Vancouver. Siku tisa baadaye China iliwakamata Wakanada wawili, Michael Kovrig na Michael Spavor. Wote watatu waliachiwa Septemba 24, 2021.

Katikati ya hayo yote alikuwapo mtu wa benki. Magazeti ya chama mjini Beijing yaliandika kwamba HSBC iliitegea Huawei mtego. Agosti 2019, Benki Kuu ya China ilipotaja benki 18 zitakazoshiriki kupanga kiwango rejea kipya cha riba, Citibank na Standard Chartered zilikuwamo, HSBC haikuwamo. Julai 2020 benki ililazimika kutoa tamko kwa Kichina, kwenye mtandao wa WeChat, kwamba haikuwa na nia mbaya wala haikumtega mtu. Nafikiri ilisema kweli. Ilikuwa inatii amri ya Washington. Lakini Beijing ilitaka kuona inatii amri ya nani kwanza.

Wakati huo benki ilikuwa imeshatoa jibu jingine. Mei 2020 Beijing ilitangaza kwamba itaitungia Hong Kong Sheria ya Usalama wa Taifa bila kupitia bunge la Hong Kong. Mei 29, Leung Chun-ying, kiongozi wa zamani wa jiji hilo, aliandika kwenye ukurasa wake kwamba HSBC haijasema inasimama wapi, na kwamba biashara yake ndani ya China inaweza kuchukuliwa na benki nyingine kwa usiku mmoja. Siku tano zilitosha. Juni 3 ilichapishwa picha ya Peter Wong, mkuu wa HSBC katika Asia na Pasifiki, akitia saini waraka wa kuunga mkono sheria hiyo kwenye meza ya kukusanyia saini. Sheria yenyewe ilikuwa bado haijachapishwa. Standard Chartered nayo ilitoa tamko siku hiyohiyo.

Tuitazame picha hiyo kwa utulivu. Wong alikuwa raia mwenye haki ya kuwa na maoni, tena mjumbe wa Baraza la Mashauriano ya Kisiasa la China. Lakini picha ilitolewa na benki, kwenye ukurasa wa benki. Benki yenye makao London, inayojitangaza kuwa haina siasa, iliunga mkono sheria ambayo haijaisoma. Ilisutwa na waziri wa mambo ya nje wa Marekani Mike Pompeo, na Aviva Investors, mojawapo ya wanahisa wake wakubwa, ikasema wazi kwamba haikupendezwa. Haikubadilisha neno. Hesabu zinaeleza sababu. Mwaka 2019 HSBC ilipata duniani kote faida ya dola bilioni 13.3 kabla ya kodi, na Hong Kong peke yake iliiletea takriban bilioni 12.

Kwa hiyo rehani ilikuwa imebadilika sura. Mwaka 1952 kilichoshikwa kilikuwa mwili wa meneja. Mwaka 2020 kilichoshikwa kilikuwa faida, na kwa faida ya kiasi kile mtu hahitaji kufungiwa ofisini. Atakuja mwenyewe na kalamu yake.

Wengine walijifunza somo hilo kwa makosa madogo zaidi. Juni 2019 mchumi wa UBS, Paul Donovan, akieleza bei za vyakula China wakati wa homa ya nguruwe, alitumia maneno yaliyochukuliwa kuwa tusi kwa Wachina. Aliomba radhi, benki ikaomba radhi, akapewa likizo ya lazima, na bado kampuni ya serikali ya ujenzi wa reli iliiondoa UBS kwenye mauzo ya hati fungani zake. Novemba 2021 mkuu wa JPMorgan, Jamie Dimon, alisema kwa utani kwamba benki yake itadumu kuliko Chama cha Kikomunisti. Haikupita siku moja akasema anajutia kauli hiyo. Huyu ni mtu aliyezoea kuzikosoa hadharani serikali za Marekani.

Na mwili wa mtu haujaacha kutumika. Mwaka 2018 mfanyakazi wa UBS alizuiwa kuondoka China kwa muda, na benki kadhaa zikawaambia watu wao wafikiri upya kuhusu safari za huko. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya kigogo wa Nomura ya Japani. Julai 2025 ikawa ofisa wa Wells Fargo ya Marekani, na benki hiyo ikasimamisha safari za wafanyakazi wake kwenda China. Beijing ilieleza kwamba ofisa huyo anahusika na kesi ya jinai inayochunguzwa na kwamba sheria inamzuia kutoka. Serikali yoyote ina haki ya kuchunguza jinai. Lakini wanaobaki nyuma huko benki hawana namna ya kujua mstari uko wapi, na wasiojua mstari uko wapi husimama mbali nao kwa hatua nyingi. Wachambuzi huacha kuandika. Vijana wa Kichina wanaofanya kazi za uchunguzi wa makampuni, kama wale watano wa ofisi ya Mintz Group mjini Beijing waliokamatwa Machi 2023, hulipa wao kwanza.

Nimesema mzigo huangukia wasio na majina. Hong Kong ya leo inaonyesha hilo kuliko mahali pengine popote. Tangu Desemba 2000 waajiriwa wengi wa Hong Kong hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri naye akiongeza kiasi hichohicho, fedha zikawekwa kwenye mfuko wa lazima wa uzeeni unaoitwa MPF. HSBC ni miongoni mwa wadhamini wakubwa wa fedha hizo. Mchangiaji huzipata akifika miaka 65, au mapema zaidi akithibitisha kwamba anahama moja kwa moja. Uingereza ilipowafungulia milango Wahongkong wenye pasipoti ya Uingereza ya ng'ambo iitwayo BN(O), maelfu walihamia huko. China ikasema kuanzia Januari 31, 2021, haiitambui pasipoti hiyo. Mamlaka ya mifuko ikatamka kwamba haiwezi kutumika kuthibitisha kuhama. Muuguzi aliyehamia Manchester, mwalimu aliyehamia Reading, wakaambiwa na wadhamini kwamba hati zao hazitoshi.

HSBC imejibu kwamba inafuata sheria za mahali inapofanya kazi. Alipoulizwa na wabunge wa Uingereza Januari 2021 juu ya kufungwa kwa akaunti za mwanasiasa wa upinzani Ted Hui, mkuu wa benki wa wakati huo, Noel Quinn, alijibu vivyo hivyo: polisi wakiomba, benki haina uhuru wa kuchagua sheria ya kutii. Nakubali kwamba benki haiwezi kuwagomea polisi wa nchi inakoendeshea biashara. Lakini hakuna polisi aliyeilazimisha HSBC itangaze picha ya Juni 2020, na wale wanaonyimwa akiba zao leo walikuwa wateja wake kabla ya picha ile. Benki iliyopata sauti ya kuiunga mkono sheria kabla haijaisoma ina wajibu wa kuipaza sauti hiyohiyo kwa mamlaka za Hong Kong na kudai kwamba watu hawa walipwe. Fedha zile si za chama wala si za benki. Ni mishahara yao, imekatwa mwezi baada ya mwezi, na wanastahili kuipata.